Shemeji ananiita Katavi kwenye pamba, niende kulima au niende kufungua duka?

MtuWaMbauda

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana usingizi sina kama wiki mbili sasa. Niko Arusha, Mbauda, nauza mitumba ya watoto, biashara ipo ila imesinyaa, mteja anashika nguo anaigeuza anairudisha. Nina mke na watoto wawili, mkubwa anaingia darasa la tatu. Sasa kaka yake mke wangu alihama Maswa miaka kama sita iliyopita akaenda Katavi, wilaya ya Tanganyika, alienda na ng'ombe na plau lake akaanza pamba na mahindi. Mwaka huu kaezeka bati, kanunua pikipiki, na kila akipiga simu ni shemeji njoo huku, ardhi bado ipo, pamba inakubali, watu wanaingia kila siku na maduka hayatoshi, mtu akitaka hata kufuli mpaka aende Mpanda mjini.

Nilichonacho ni milioni 9, nimezikusanya miaka minne, vikoba humo humo na bodaboda niliyoiuza. Nawaza nikanunue shamba nilime pamba, au nifungue duka kijijini, au niache yote nibanane hapa hapa. Mke anataka twende maana ni kwa kaka yake. Mama yangu yuko Akheri, huku Meru, hataki hata kusikia. Naomba sana waliowahi kuishi kwenye maeneo ya pamba wanijibu, sisi huku tumezoea kahawa na ndizi na maharage, pamba ikiwa shambani sijawahi hata kuishika.

KaraniWaMizani

Kaka, mimi saa hizi niko Moshi, Pasua, ila nimefanya misimu minne Simiyu nikiwa karani kwenye kituo cha kununulia, na pamba nyingi ya nchi hii inatoka huko Simiyu kwa hiyo nilichokiona nilikiona kwa ukubwa wake.

Jua kwanza kwamba pamba inakulipa mara moja kwa mwaka. Unapanda kuanzia katikati ya Novemba mpaka Desemba, soko linafunguliwa Mei, ukiweka na kuandaa shamba ni miezi nane unatoa tu hela mfukoni. Na bei hupangi wewe wala shemeji yako, inafuata soko la dunia maana pamba yetu nyingi ikishachambuliwa inauzwa nje. 2019 bei elekezi ilikuwa 1,200 kwa kilo, soko la dunia likaanguka, wanunuzi wakakwama, wakulima wakakaa miezi na stakabadhi mkononi. 2020 msimu ukafunguliwa kwa 810. 2022 ukafunguliwa 1,560 na kuna sehemu watu waliuza zaidi ya hapo, 2023 ikarudi 1,060. Yote hayo ndani ya miaka mitano.

Ule mwaka wa 2019 sitausahau. Kuna mama alikuwa anakuja kituoni kila Jumatatu, stakabadhi yake kaifunga kwenye pindo la kanga, kilo 412, anaifungua taratibu ananionyesha kama vile labda nimeisahau, na mimi namba yake nilishaijua kwa kichwa. Sina cha kumjibu. Pamba ilishapakiwa ikaondoka, aliyetakiwa kuleta hela hajaleta, na mimi ndiye niliyempimia kwa hiyo yeye ananiangalia mimi. Alikuja hivyo mpaka mvua zikaanza tena na watu wakaanza kulima msimu mwingine kabla hawajalipwa wa kwanza.

Sasa hesabu. Heka moja ya mkulima wa kawaida anayetegemea mvua na dawa za kuhesabu, kilo 300. Wataalamu wanasema ukipanda sentimita 60 kwa 30 na ukapulizia kwa wakati unafika 1,000 na kuendelea, na kweli nimewaona waliofika, ila ni wachache na wameanza zamani. Tuseme umepata 300 na bei ni 1,150, hiyo ni 345,000. Toa kulima na plau la kukodi 50,000, palizi mbili 80,000, dawa na mpuliziaji 50,000, kuvuna shilingi 100 kwa kilo 30,000, kubeba mpaka kituoni 10,000. Umetoa 220,000 umebaki na 125,000. Heka kumi kwa mwaka mzima ni milioni 1 na laki 2 na nusu, hapo bado hujala, na bei ikirudi 810 unabaki na elfu 23 kwa heka.

Halafu mwangalie shemeji yako. Plau lake, ng'ombe wake, palizi wanafanya nyumbani, kuvuna wanafanya nyumbani. Ile 220,000 wewe unayoitoa yeye pengine anatoa 60,000 tu, ya dawa na kubeba. Mnalima zao moja, mnauza kwa bei moja, yeye anajenga wewe unarudi Arusha kwa nauli ya kukopa. Sisemi anakudanganya, anakuambia alichokiona kwake na ni kweli kabisa. Ila pamba inamlipa mwenye ng'ombe na mikono. Mwenye hela tu inazila hizo hela.

MwanaMaswa

Karani kaongea ukweli mtupu, na mimi ni mtu wa huko huko Maswa, niko Arusha mwaka wa 11 huu, fundi wa kuchomelea Unga Ltd.

Niongezee kuhusu kuhama maana watu wa huku mnatuona Wasukuma tunahamahama mnafikiri ni kupenda kutembea tu. Babu yangu mzaa baba alihama kwenda Geita miaka ya hamsini, kipindi hicho Geita ndiyo ilikuwa mpya kama Katavi ya leo, msitu na mbung'o, wakafyeka wakapanda pamba. Vyama vya ushirika vya kina Paul Bomani vikapata nguvu kwa pamba hiyo, muungano wao mkubwa, VFCU, ulisajiliwa 1955, mkulima akawa anauza kwenye mzani wa chama chake na sio kwa mfanyabiashara mmoja mmoja wa dukani. Babu alikuwa anasema miaka ya kwanza ardhi ilikuwa inatoa yenyewe, unapanda unasubiri. Hela ya pamba haikai mfukoni, inanunua ng'ombe, ng'ombe wanalima zaidi, mashamba yanakua, watoto wanakua, mwisho ardhi inachoka na malisho yanaisha, na kijana anayetaka kuoa anaangalia upande ambao bado haujafyekwa. Baba akarudi Maswa, wadogo zake wakaenda Tabora, na sasa hivi binamu zangu wako Katavi. Kwa hiyo shemeji yako akisema inakubali, ndiyo, sasa hivi inakubali. Yuko kwenye ile miaka ya kwanza.

Kwenye ardhi ndiyo nakuomba uwe makini. Asikuuzie mtu porini kwa maneno. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji inagawiwa na halmashauri ya kijiji, na lazima mkutano mkuu wa kijiji uwe umeridhia kwanza. Sio mwenyekiti peke yake na soda mbili. Omba muhtasari wa mkutano, usome, uone jina lako na heka zako. Halafu wilaya hiyo hiyo ya Tanganyika kuna vijiji nane vinalipwa hela ya hewa ya ukaa kwa kutunza misitu yao, wamejenga madarasa na zahanati kwa hela hizo, wanakijiji wenyewe wanalinda. Ukionyeshwa msitu mzuri umesimama halafu bei ni ndogo, ujue una mwenyewe. Binamu yangu mmoja aliuziwa heka 15, akafyeka, akapanda, mahindi yakiwa magotini wakaja kumwondoa, ikaonekana ni ndani ya hifadhi. Aliyemuuzia hakuonekana tena. Alirudi na ng'ombe wanne kati ya kumi na moja.

Mama Wawili

Mdogo wangu wa Mbauda, soma hapa taratibu, nimekaa kwenye hicho unachokiwaza. Mimi ni wa Machame, mume wangu na mimi tulifungua duka kijiji cha pamba Katavi tukakaa miaka mitano. Kule duka la mtu wa Kilimanjaro hata ujiite nani linaitwa kwa Mangi, na mimi nikawa Mama Mangi, wakanizoea na mimi nikawazoea, watu wazuri sana wale, sina neno nao.

Biashara ya kijiji cha pamba ina misimu miwili, na hii mtu hakuambii mpaka imekupiga. Kuanzia Juni mpaka Agosti hela ipo, na watu hawanunui sukari robo, wananunua godoro, bati, sola, simu, baiskeli, vitenge vya harusi maana ndiyo miezi ya kuoa. Mwaka wa kwanza tuliuza magodoro 30 kwa wiki tatu, tunayarundika nje mpaka usiku. Nikampigia mama simu nikamwambia tumefika. Halafu ikaja Desemba. Kuanzia Desemba mpaka Aprili hela hakuna kijijini, kila mtu kaiweka shambani, na ndiyo miezi wanataka unga, chumvi, sabuni, dawa ya mtoto, betri, na wanataka kwa daftari. Mama Mangi niandikie, pamba ikitoka. Huwezi kukataa, mtu mtoto wake anaumwa, na ukikataa Juni hatakuja kwako kununua godoro.

Mwaka ule Karani anaousema daftari langu lilikuwa na majina 64. Jumla milioni 2 na laki 7. Pamba ikapimwa, ikaondoka, hela haikuja. Sasa nani atanilipa na yeye hajalipwa? Wengine walikuwa wanapita barabara ya nyuma kwa aibu wasinione, na mimi nilikuwa naona aibu kuliko wao. Mwuzaji wa jumla kule Mpanda akanifungia mzigo kwa sababu na mimi nilikuwa nimeandikwa kwake. Yaani ukifungua duka kijiji cha pamba umeshalima pamba mdogo wangu, yako imelimwa kwenye daftari. Usifikiri duka linakuweka pembeni ya bei.

Kilichotuokoa ni vitu viwili. Mashine ya kusaga, maana mtu hata asipokuwa na hela anakula, na akikosa hela anakuachia debe la mahindi. Na stoo. Juni hiyo hiyo mtu ana mahindi mengi na anataka kuyatoa, tulinunua gunia 40 tukaweka dawa tukapanga juu ya mbao, tukauza Februari, na bei ya Februari sio ya Juni. Mahindi yalilipa deni lote la mwuzaji wa jumla.

Tulirudi kwa sababu ya shule za watoto na mama mkwe kuumwa, sio kwa kushindwa. Kwa hiyo sikukatazi.

NgombeWaUsa

Samahani naingilia, mimi nafuga Usa River ng'ombe watatu wa maziwa. Kila mtu anaongelea pamba nyeupe, mimi naulizia mbegu. Ile pamba ikichambuliwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni mbegu, inakamuliwa mafuta, yanabaki mashudu, na sisi wafugaji wa huku Meru mpaka Hai tunayatafuta sana hayo mashudu hasa kiangazi. Wauzaji wa huku wanayachanganya na pumba unapeleka nyumbani ng'ombe anashusha maziwa. Mtu akija na mashudu safi, gunia limefungwa kule kule kiwandani, mimi na wenzangu wa kikundi tunachukua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kaka badala ya kuhama fikiria kama unaweza kuwa mtu wa kati. Ila usimuuzie mfugaji wa kuku au nguruwe mashudu ya pamba bila kumwambia, yana sumu yake, ng'ombe mkubwa anaihimili na hao hawaihimili.

KaraniWaMizani

NgombeWaUsa hapo umegusa, ila kwa mashudu asiende mpaka Katavi, atakufa na nauli ya lori. Shinyanga na Simiyu viwanda vya kukamua vipo na ndiyo karibu na Arusha, unapita Singida. Akumbuke tu kiwanda kinakamua kikiwa na mbegu, mwisho wa mwaka mbegu zinaisha na bei inapanda, kwa hiyo anunue mapema na awe na pa kuweka pakavu.

MtuWaMbauda

Jamani nashukuru sana, nimesoma na mke wangu mara mbili, ile ya stakabadhi kwenye pindo la kanga alinyamaza muda mrefu, akasema mama yake alikuwa anafunga hivyo hivyo.

Naomba niulize. Nikifungua duka la pembejeo si ndiyo wanalohitaji, dawa za pamba na mabomba? Na je, nikienda na milioni 9 zote au niache kitu? Na Mama Wawili, watoto uliwapeleka au uliwaacha?

KaraniWaMizani

Dawa ya pamba usiiweke kuwa ndiyo tegemeo. Mbegu na dawa za pamba zinaletwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mkulima anazipata huko huko, kwa hiyo wewe ukija na chupa ya hela taslimu utauza pale tu za AMCOS zikichelewa au zikiisha. Zinachelewa kweli, ila huwezi kujenga duka juu ya ucheleweshaji. Weka mbegu za mahindi, dawa za mahindi na za mifugo, na spea. Bomba la mgongoni linavuja mpira, linakatika mkono wa kupampia, mtu yuko katikati ya kupulizia funza wa vitumba na kila siku inayopita vitumba vinadondoka. Mpira wa bomba wa elfu mbili siku hiyo ni dhahabu. Jembe la plau, nati zake, minyororo, tairi za baiskeli na mikokoteni. Hivyo havina daftari sana maana mtu akikwama analipa.

Mama Wawili

Watoto mwaka wa kwanza niliwaacha kwa mama Machame, wa pili nikawachukua, mdogo alipata malaria mara tatu. Zahanati ilikuwa saa moja kwa pikipiki kiangazi, masika hata tatu. Usiwapeleke kabla hujajua zahanati iko wapi na shule ina walimu wangapi.

Hela usiende nazo zote, nakuomba kama mdogo wangu wa damu. Tenga milioni 2 ziwe za kula na kodi na ada kwa miezi 14, uzifungie mahali mkeo tu ndiye anayezitoa. Miezi 14 nimeihesabu, ukifika kabla ya msimu, ukapita kiangazi, ukapita masika, mpaka soko lifunguliwe na wiki kadhaa za kusubiri malipo. Mashine ya kusaga ya dizeli iliyotumika na banda lake itakula kama milioni 4, tulinunua hivyo, siku hizi uliza upya. Zinazobaki ndizo mzigo. Na daftari liwe na kikomo, mimi mwisho niliweka elfu 30 kwa nyumba, nikaandika ukutani, kila mtu akakiona, hakuna aliyekasirika.

MwanaMaswa

Na usilime pamba mwaka wa kwanza, lima heka mbili za mahindi kwenye shamba la shemeji, akukodishe au akupe tu. Chakula chako kikishatoka chini ndiyo uongelee pamba. Ukija kuilima mwambie akufundishe na kung'oa maotea, mabua ya zamani yanatakiwa yang'olewe na kuchomwa baada ya kuvuna, watu wageni wanaona ni kazi bure wanaacha, halafu funza wanalala humo humo wanakusubiri Desemba, na wanakwenda mpaka kwa jirani aliyeng'oa ya kwake. Kijiji kikikuona hung'oi maotea hukai nacho vizuri.

Kitu kingine, nenda wakati wa mizani. Usiende sasa hivi masika, utaona kijani kila mahali utapenda. Nenda Juni, mwambie shemeji akupeleke kituoni kwao, kaa pale tangu asubuhi mpaka jioni usiseme kitu. Angalia mtu akipimiwa kilo ngapi, analipwa siku ileile au anaambiwa kesho, halafu akitoka pale anaelekea wapi na hela yake. Utajua duka la nini linahitajika kuliko sisi wote tutakavyokuambia.

MtuWaMbauda

Sawa wakuu. Tumekaa na mke jana usiku tukapanga hivi, banda la Mbauda halifungwi, yeye anabaki nalo na watoto. Mimi naondoka wiki ya kwanza ya Juni, Babati, Singida, Tabora halafu Mpanda, wanasema lami inafika. Naenda na marobota mawili ya nguo za watoto nikauze kwenye minada ya huko ili safari ijilipe, na laki 6 mkononi, nyingine zote zinabaki. Nakaa wiki tatu kwa shemeji. Nimempigia nikamwambia nataka siku ya kwanza anipeleke kwa mtendaji wa kijiji na ya pili kituo cha pamba, akacheka akasema shemeji umeongea na nani, nikamwambia nimeongea na watu wa Maswa, akasema basi njoo.

Mama wa Akheri ameridhia kwa sharti nirudi kabla ya Agosti. Mama Wawili, nikifika naomba unielekeze hicho kijiji chenu kiko upande gani kutoka Majalila, nikipita karibu nikaone kama ile mashine bado inasaga.

Mama Wawili

Nitakuelekeza mdogo wangu. Tulimwachia kijana tuliyemfundisha, huwa anapiga simu kila Krismasi. Ukimkuta mwambie mkanda wa pili bado uko juu ya dari ya stoo, tulisahau kumwambia.